Kivulini, Mbili na Nukta Nane

Mwenye duka aliinunua kamera ile kwa sababu mkewe alikuwa na ugonjwa usiopona, na sote watatu tulilijua hilo kabla ya yeyote kulitamka. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka lake, pale Lushoto, katika miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tanga, Mwislamu kama mimi ingawa msikiti wake ulikuwa mwingine, mtu mpole wa miaka hamsini na kitu. Aliuza vitambaa, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na majembe. Mteja akishakatiwa kitambaa ndani alitoka nacho barazani kwangu, nami nilimshonea akisubiri, au akakifuata siku ya gulio.

Mkewe ndiye aliyenifundisha kushona vizuri. Nilipofika kutoka kwetu Mlola nilijua kaptula za kaki na kanzu, basi. Yeye alikuwa akitoa kiti chake, anaketi karibu na cherehani na kunionyesha jinsi ya kuulaza ukosi usijikunje, na jinsi ya kuzungushia uzi vitundu vya vifungo visifumuke. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye aliitikia, "Marahaba, fundi. Wa nyumbani hawajambo?" Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, ambaye aliolewa ng'ambo, Bombei. Wakati huo binti alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa ikimsumbua, hata daktari alikuwa amemkataza safari ya meli.

Mama aliporudi kutoka kwa madaktari wa Tanga hakunieleza walichomwambia. Alinipa gauni nilipunguze kiunoni. Hakuwa mtu wa kupimwa na fundi mwanamume. Alichomeka pini mwenyewe na mimi nikafuata pini. Baada ya wiki nne aliniletea gauni lile lile, limechomekwa upya. Sikuuliza. Mkono wangu ulikwisha kunijulisha ni inchi ngapi zimeondoka.

Ndipo mwenye duka akaenda upande wa Soni, kwa mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiuza vitu vyake arejee kwao, akarudi na kisanduku cheusi cha chuma kilichovikwa ngozi. Alikiweka juu ya meza yangu ya kukatia.

"Hii ni kamera ya picha zinazotembea," aliniambia. "Binti amwone mama yake akitembea, akicheka. Na mimi nataka nikae naye humo ndani ya picha. Kwa hiyo wewe ndiye utakayepiga."

"Bwana, mimi sijawahi kupiga hata picha ya kawaida."

"Wala mimi. Tutajifunza."

Tulijifunza mchana, saa zile ambazo wateja hupungua. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Yeye alikisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha ananigeuzia kwa Kiswahili, na mimi nazungusha. Ubavuni kulikuwa na ufunguo wa kukaza springi. Ukiukaza mpaka mwisho, kamera ilinguruma kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha ikalegea. Mbele kulikuwa na lenzi, na juu ya lenzi pete mbili zenye namba.

Pete ya kwanza ilikuwa ya futi. Mtu akisimama futi sita kutoka kwenye kamera, unaweka sita, vinginevyo sura yake inatoka kama mtu anayeonekana ndani ya maji. Hiyo haikunisumbua. Nilichukua futi kamba yangu shingoni, nikamwekea mwenye duka ncha moja kwenye paji la uso, nyingine nikaishika kwenye lenzi, nikamsomea. Tangu siku hiyo hatukukisia umbali hata mara moja.

Pete ya pili ndiyo iliyomtoa jasho. Alikisoma kitabu mara mbili, akakifunga, akakifungua tena.

"Wamekosea hawa," alisema. "Wanasema ukiweka namba ndogo, tundu la kuingizia mwanga linakuwa kubwa. Ukiweka namba kubwa, tundu linakuwa dogo. Inawezekanaje?"

"Si kama uzi tu, bwana?"

"Uzi gani?"

"Uzi namba sitini ni mwembamba kuliko uzi namba arobaini. Namba inapanda, uzi unapungua."

Alinitazama, akatazama rafu yake ya nyuzi alizoziuza miaka yote ile, akacheka mwenyewe. Akamwita mkewe aje aone. Mama aliinama mbele ya lenzi na mimi nikaizungusha pete taratibu kutoka mbili na nukta nane kwenda juu: nne, tano na nukta sita, nane, kumi na moja, kumi na sita. Aliona vile vipande vyembamba vya chuma vikisogeleana ndani ya kioo mpaka tundu likabaki kama la sindano.

"Kwa hiyo ukifika hapo hakuna kitu kinachoingia," alisema.

"Kwenye jua kali sana kinaingia, mama. Kivulini hakuna kitu. Picha inatoka giza."

Ubavuni mwa kamera palikuwa na kibati chenye maelezo ya mwanga. Mwenye duka alinitafsiria na mimi nikaandika kwa penseli kwenye karatasi ya kukatia mitindo, nikaibandika kwenye nguzo ya baraza. Jua kali, nane. Jua lenye utando, tano na nukta sita. Mawingu, nne. Kivulini, mbili na nukta nane. Lakini aliyekiandika kibati kile hajawahi kuishi kwetu. Unaweza kuwa umeweka nane, jua limetanda juu ya mabati yote ya soko, mara ukungu unateremka kutoka msituni, unapita katikati ya watu, na mpaka umalize kukaza springi namba uliyoiweka haifai tena. Na ukungu wenyewe ni mwongo. Ukiutazama kwa macho unadhani ni giza, kumbe ni mweupe kama shuka, na ukifungua tundu sana kila kitu kinaunguzwa na weupe.

Filamu ya kwanza mama alikataa kuingia. Bwana alimbembeleza, naye akasema, "Jifunzeni kwanza. Sitaki niwe kitambaa cha kujaribia mkasi." Alisema hivyo kwa mzaha. Bado alikuwa na nguvu wakati ule. Alikuwa akishuka sokoni mwenyewe kuchagua matunda, plamu na peasi, na kubishana na akina mama wa kabichi kwa Kishambaa cha kuokoteza ambacho kiliwachekesha. Sisi tukampiga mwenye duka akipima chumvi. Tukapiga mlima, barabara, mbuzi wa watu. Yeye naye akanipiga mimi nikiwa nimesimama kwenye mlango wa duka. Mama alionekana mkono tu, siku moja alipopitisha sahani ya chapati mbele ya lenzi.

Filamu ilipelekwa posta, ikaenda kusafishwa Ulaya kwa meli, nasi tukaanza kungoja. Hiyo ndiyo miezi tuliyoipoteza. Nimeihesabu mara nyingi maishani mwangu, na kila mara inakuwa mitatu. Katika miezi hiyo gauni lilirudi kwangu mara mbili zaidi. Mama aliacha kushuka sokoni, kisha akaacha kutoa kiti chake barazani isipokuwa jua linapokuwa zuri. Mwenye duka alikuwa akitoka kuangalia kama gari la posta limepanda kutoka Mombo, hata siku ambazo si za posta.

Filamu ilirudi. Aliazima mashine ndogo ya kuonyeshea, ya kuzungushwa kwa mkono, tukaiunganisha na betri ya gari. Jumapili mchana tulifunga duka, tukatundika mablanketi madirishani na shuka ukutani. Tuliona makosa yetu yote. Mlima ulitoka vizuri. Soko lilikuwa limeunguzwa na ukungu. Mimi, pale mlangoni, nilikuwa kivuli kitupu: jua la barabarani lilikuwa nyuma yangu, na bwana alikuwa ameacha pete kwenye nane bila kukumbuka kuwa ninasimama ndani ya kivuli. Umbo langu lilionekana, kofia ilionekana, uso haukuwepo.

Mama alicheka kidogo. Kisha aliacha kucheka, akawa anatazama tu.

Wiki iliyofuata mwenye duka aliniambia, "Sasa tunajua. Alhamisi tutampiga mama." Alichagua baraza, saa nne asubuhi, kivulini, mahali ambapo jua halichomi macho.

Jumatano bwana alikwenda kuswali adhuhuri. Mama alitoka polepole, akishika ukuta, mtandio umezunguka kichwa na mabega. Nilinyanyuka kumsogezea kiti. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa, na macho yamekuwa makubwa mno. Alikaa, akapumua.

"Fundi, kesho wewe ndiye utakayeshika?"

"Mimi, mama."

"Ile picha yako ya mlangoni, uliyotoka kama kivuli, ilikuwa namba gani?"

"Ilikuwa nane. Bwana alisahau kufungua."

"Basi kesho na wewe sahau."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Yeye aliendelea kwa sauti ile ile aliyokuwa akinifundishia kushona.

"Binti yangu ana mimba. Ananikumbuka nilivyokuwa siku ya harusi yake. Sitaki anione hivi, halafu abaki na hii sura maisha yake yote. Weka namba ya giza."

"Mama, kwa nini usimwambie bwana kwamba hutaki?"

"Nimemwambia mara mbili. Analia. Sina nguvu tena ya kumbembeleza."

"Atanilaumu mimi."

"Atakulaumu," alisema. "Najua. Ndiyo maana nakuomba, sikuagizi."

Jioni nilimweleza mke wangu tulipokuwa tunakula bada, ugali wetu wa muhogo. Nyumbani tuliongea Kishambaa, na katika Kishambaa jambo lile lilisikika zito zaidi. Aliuliza yule mgonjwa ni nani, bwana au mama. Nikasema mama. "Basi umeshajibiwa," akasema. Mimi sikuona kuwa nimejibiwa. Nilikuwa nimekula chumvi ya watu wote wawili.

Alhamisi anga lilikuwa safi. Mwenye duka alivaa shati jeupe na koti. Mama alivaa gauni la rangi ya zambarau nililolipunguza mara nne, na mtandio wa pindo la dhahabu. Bwana alipima mwenyewe kwa futi kamba, kutoka lenzi mpaka kwenye paji la mkewe: futi nane. Alirudi akaketi kando yake.

"Futi?" aliuliza.

"Nane, bwana."

"Mwanga?"

"Mbili na nukta nane."

Nilikuwa nimeweka kumi na moja.

Sikutazamana na mama. Nilikaza springi, nikaweka jicho kwenye kidirisha, nikabonyeza. Kile kidirisha cha kutazamia hakipiti kwenye lenzi. Hakijui umeweka namba gani. Kinakuonyesha kila kitu kama kilivyo. Na mambo niliyoyaona mle siwezi kuyasahau. Nilidhani atakaa kimya, kwa kuwa alijua hataonekana. Badala yake mama yule alifunguka. Aliongea na binti yake kwa lugha yao, akisahau au asijali kwamba kamera haina masikio. Aliinua mkono akaonyesha barabara, soko, cherehani yangu. Alimgeukia mumewe, akamrekebisha ukosi wa shati, akamwambia neno, na mumewe akacheka huku machozi yanamtoka. Uso wake ulikuwa wa mgonjwa, ndiyo, lakini ulikuwa na nuru ambayo sikuiona siku alizokuwa mzima.

Springi ililegea. Nilipaswa kuikaza tena. Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu. Vidole vyangu vilikuwa inchi moja kutoka kwenye pete, na hakuna ambaye angejua. Nilifikiri: aliyeniomba jana hakujua kuwa leo atakuwa hivi. Nilifikiri pia kwamba alijua vizuri kabisa, na kwamba aliweza kufunguka namna ile kwa sababu alikuwa ameniamini. Nilikaza springi. Sikuigusa pete.

Tuliimaliza filamu yote, upande wa kwanza, kisha tukaigeuza tukapiga wa pili. Alipokuwa akiingizwa ndani, mama aligeuka akanitazama. Niliinamisha kichwa kidogo. Naye akainamisha chake.

Alifariki kabla mwezi haujakwisha. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza kwenda kaburini, na mvua ndogo ilinyesha siku nzima. Binti alipelekewa habari kwa simu ya maandishi. Yeye alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache nyuma.

Filamu ilirudi baada ya miezi yake. Tuliitazama vile vile, Jumapili mchana, mablanketi madirishani, ila safari hii tulikuwa wawili. Mwenye duka alizungusha mwenyewe. Ukutani palitokea giza lenye vitu vichache ndani yake: shati jeupe, hafifu kama limetiwa majivu, pindo la dhahabu likimeta na kupotea, bangili moja ikipanda na kushuka. Katikati ya giza mkono ulinyanyuka ukashika ukosi wa shati. Mahali pa nyuso palikuwa patupu.

Alizungusha mpaka mwisho. Akairudisha, akazungusha tena. Mara ya nne mkono wake ulichoka.

"Ulisema mbili na nukta nane," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Ilikuwa ngapi?"

"Nilikosea."

Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena, kisha akaniambia niende nyumbani, kesho tutafungua duka saa ile ile.

Tulifungua saa ile ile, na siku zilizofuata. Aliitikia salamu yangu kama kawaida. Lakini hakutoka tena kukaa barazani, na kamera sikuiona tena. Mimi nilijiambia kwamba nimebeba lawama kwa ajili ya mama, na kwamba mzigo wa kuombwa hauombi shukrani. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Halafu ikaja barua. Kumbe alikuwa ameituma filamu Bombei pamoja na giza lake. Alitoka nje na barua mkononi, akanisomea kipande kimoja kwa kukigeuza. Binti alishukuru kumwona baba, hata kama ni shati lake tu. Akauliza, yule aliyekaa kando ya baba ni mama, au ni shangazi?

Sikuweza kuvumilia tena. Niliacha mguu kwenye kanyagio la cherehani, nikamweleza yote: kiti, namba nane, kumi na moja, mimba ya binti, kila kitu. Alinisikiliza amesimama.

"Mke wangu hakuwahi kunificha jambo," alisema nilipomaliza.

"Hili alilificha, bwana, kwa sababu—"

"Ulikosea. Nilikusamehe siku ile ile, hukuona? Sasa kwa nini unamsingizia maiti?"

Niliapa. Alisema nisiape. Aliingia ndani. Nilimaliza kanzu niliyokuwa ninashona, na jioni nilimwomba kijana wa punda anibebee cherehani. Kwa miaka mingi nilishona Mlola, kwenye banda la gulio, na sikukanyaga barabara ile ya duka. Nikiwa na shida Lushoto nilipita juu, njia ya mikaratusi.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa siku ya gulio. Nilisikia kwa watu kwamba ameuza duka, anahamia kwa ndugu zake Tanga. Gari dogo lilisimama, akashuka, amezeeka sana, suruali mkononi. Niliinuka.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, fundi. Ipinde miguu. Imekuwa ndefu."

Kulikuwa na mafundi watatu Lushoto ambao wangeweza kuipinda. Niliichukua. Alikaa kwenye benchi la wateja, kati ya wanawake waliokuwa wanangoja magauni yao, mikono juu ya fimbo. Nilikuwa nimepinda mguu mmoja aliponiuliza, kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

"Alisema maneno gani hasa?"

Nilisimamisha cherehani. Nilimwambia neno kwa neno, kama nilivyoyaandika hapa. Nilipofika pale aliposema amemwambia mara mbili, nilisita.

"Alisema nalia?" aliuliza.

"Alisema, bwana."

Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Mama mmoja alimuuliza kama anaumwa, akamjibu kwamba hajambo. Nilipinda mguu wa pili, nikakata uzi, nikamkunjia suruali. Alinishukuru. Hakuniambia kama ameniamini, na mimi sikumuuliza. Alirudi garini akishikwa mkono na dereva, na gari likateremka kuelekea Mombo. Mwaka uliofuata mtu aliyetoka Tanga aliniambia amezikwa kule.